Opera ya moja kwa moja kwenye shuka jeupe Ngamiani: mrejesho, na neno moja linalonisumbua

Mgosi Mdogo (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Wiki mbili nyuma nilisema humu kwamba pale ukumbini kwetu Ngamiani tutaonyesha opera, tena moja kwa moja, yaani wanaimba huko Ulaya dakika hiyohiyo sisi tumekaa Tanga tunawatazama. Mlinicheka sana. Kuna mmoja alisema nitakaa na mlinzi na paka. Paka alikuja kweli. Ila walikuja na watu sitini na ushee, viti vikaisha, waliochelewa wakakaa mkekani.

Kwa asiyepajua, ukumbi wetu ni chumba kirefu cha mabati. Mchana watoto wanajifunza ngoma, jioni kikundi cha taarab kinafanya mazoezi. Projekta tuliazima. Skrini ni mashuka mawili ya sita kwa sita yaliyoshonwa pamoja, na aliyeshona hakufikiria, mshono ukawa unapita shingoni mwa kila mwimbaji anayesimama katikati. Kiingilio hakikuwepo. Kuna jumba moja la Ulaya linarusha bure mtandaoni, tukawaandikia kwanza kuomba ruhusa ya kuonyesha mbele ya watu, wakakubali ilimradi tusiuze tiketi. Sisi tukauza kahawa na kashata.

Muda ulitubeba. Kipindi chao cha baridi, saa moja jioni kwao ni saa tatu usiku kwetu. Isha imeshaswaliwa, watu wamekula, watoto wadogo wamelala. Ukiwapangia watu wa Tanga saa, hutapata iliyo nzuri zaidi ya hiyo.

Opera yenyewe ilikuwa Aida ya Verdi, Mtaliano. Maandishi ya chini ya picha ni ya Kiingereza, kwa hiyo niliandika muhtasari wa Kiswahili ukurasa mzima, nikampa Bi Mkubwa wetu awasomee watu. Huyu ni mwimbaji mstaafu wa taarab, simtaji jina. Akautazama ule ukurasa, akaukunja mara nne, akautia kwenye mkoba, akasimama mbele ya shuka na kusema: "Wanawake wawili, mwanamme mmoja. Mmoja bibi, binti wa Firauni. Mmoja mjakazi, ametekwa kutoka Ethiopia, na hawajui kuwa naye kwao ni binti wa mfalme. Anayependwa ni mjakazi. Mengine mtayaona." Akaketi.

Naendelea hapo chini, simu inanisumbua.

Mgosi Mdogo

Narudi. Sehemu ya kwanza ilipita vizuri. Watu walikuwa kimya kwa adabu, na mimi ule ukimya wa adabu naujua, ndio wa mgeni aliyepewa chakula asichokizoea.

Sehemu ya pili ndiyo iliyobadili mambo. Binti wa Firauni, Amneris, anamshuku mjakazi wake. Anamwita karibu, anamsemesha kwa upole, halafu anamtegea: anamwambia yule jemadari, Radames, ameuawa vitani. Aida anapiga ukelele. Ukelele wenyewe ndio jibu. Pale pale ukumbini mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kanasa!"

Na pale pale mtandao ukakata.

Duara likazunguka. Nikatoa modemu, nikarudisha. Duara. Nikahamia simu yangu, duara. Jamani, sikupata kuona jasho kama lile tangu siku ya mtihani. Lakini nilipogeuka kutazama watu, hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanabishana. Nusu ya ukumbi wanasema Radames kafa, nusu wanasema yule mwanamke mwongo, anamjaribu mwenzake. Kuna mzee akasema jemadari hafi mapema hivyo, mchezo utabaki na nani? Bi Mkubwa anaijua hadithi yote, nikamkonyeza awaambie. Akakataa kwa kichwa.

Dakika kama nane. Mtandao uliporudi, matangazo yalikuwa yameshasonga: tarumbeta ndefu zinalia, jeshi la Misri linaingia mjini, wachezaji, bendera, vurumai. Watu wanatazama huku shingo zimenyooka. Na katikati ya shangwe ile akaingia Radames, mzima, juu ya gari, mshono wa shuka ukimpita shingoni.

Wakuu, ule ukumbi ulipiga vigelegele. Vigelegele vya harusi! Huko Ulaya walioingia na tai zao walikuwa wameshaambiwa na Amneris mwenyewe, sekunde chache baada ya ule uongo, kwamba jamaa yu hai. Sisi tu ndio hatukuambiwa. Kwa hiyo wasiosikia walifaidi kuliko waliosikia.

Kipande cha tatu, Aida yuko kando ya mto Nile usiku, anaimba kuikumbuka nchi yake ambayo hataiona tena. Mama mmoja akainuka na noti ya elfu mbili mkononi, akaenda taratibu kwa mwendo wa kutunza, mkono juu, kiuno kinafuata. Hakuna mtu aliyemkumbusha kuwa hilo ni shuka. Alipofika mbele kivuli chake kikaufunika mto wote. Akasimama pale na noti yake, akatafuta mkono wa kuipokea, hakuna. Akageuka, akaja mpaka kwangu, akaiweka juu ya projekta. Hakucheka, na hakuna aliyemcheka.

Mwisho wake Radames anafukiwa hai ndani ya chumba cha mawe kwa kosa la kutoa siri ya vita, na Aida amejificha mlemle amtangulie. Wanaimba wawili chini, pole pole, na juu yao Amneris anaomba amani. Kilipokwisha, mzee wa jemadari-hafi-mapema alisema tu, "Innalillahi." Tukakunja viti.

Nawasilisha. Lile la neno nitalileta mkishachangia.

Kibaraza cha Chumbageni

Mleta uzi hongera kwa kuandika, lakini ngoja niseme ukweli. Taarab ya Tanga inakufa, vikundi vilivyobaki unavihesabu kwa vidole, nyinyi mnakodolea macho Wataliano kwenye shuka. Kesho mtatuletea balle. Mfadhili ni nani?

Mgosi Mdogo

Mfadhili ni kashata, mkuu.

Halafu hilo la taarab. Mimi nimelelewa na nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapahapa Tanga, hunifundishi. Hao hao wazee wetu wa Black Star ndio waliotia magitaa na besi kwenye taarab mpaka pwani nzima, na Mombasa ikiwemo, wakageuza masikio. Walilaumiwa kwamba wanaiharibu. Na taarab yenyewe ilitoka wapi? Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ala. Barghash alitawala kuanzia 1870. Sasa sikiliza: Aida ilionyeshwa mara ya kwanza kabisa duniani Cairo hiyohiyo, tarehe 24 Desemba 1871. Si Milano, si Paris. Mji mmoja, miaka ileile. Kwa hiyo usinipe habari ya wenyewe na wageni.

Mzee wa Kodiani

Amani kwenu. Mimi ni mtu mzima, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Huyu kijana anashangaa watu wa Tanga kukaa kwa muda wa saa tatu wakisikiliza lugha wasiyoijua. Sisi tumekulia kwenye sinema za Kihindi. Nani alikuwa anajua Kihindi? Tulitoka tunalia, na nyimbo tumezishika neno kwa neno bila kujua hata moja lina maana gani. Mpaka leo naimba.

Na la moja kwa moja nalo si jipya. Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, alikuwa akiimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ya Cairo ikimrusha palepale, kwa miaka mingi. Marehemu baba yangu alikuwa na redio ya mbao, siku hiyo anaihangaikia sauti ile kwenye masafa mafupi, inakuja inapotea kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Akipotea tulikaa kimya tukimngoja. Wimbo mmoja unakwenda saa nzima. Hakuna aliyesema mbona mrefu.

Tena huyo huyo Umm Kulthum aliigiza filamu iitwayo Aida, mwaka 1942. Wengi hawajui.

Nipo Muscat

Mzee wa Kodiani umenigusa. Mimi mtoto wa Makorora, nipo Oman miaka kumi na moja. Hapa pana jumba la opera la kifalme, lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini. Nimeingia mara tatu, moja kwa pesa yangu na mbili kwa hisani ya bosi. Mgongoni mwa kila kiti kuna kioo kidogo kinaleta maneno kwa Kiarabu na Kiingereza, unachagua. Panapendeza, kiyoyozi, marumaru, kila kitu. Lakini Aida ya vigelegele sijapata kuiona. Kule ukikohoa unaangaliwa.

Halafu nadhani hiyo Aida ilitungwa kwa ajili ya ufunguzi wa mfereji wa Suez.

Chumbageni Sekondari

Hapana mkuu, hilo watu wanalirudia sana. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869. Jumba la opera la Khedive Ismail, mtawala wa Misri, lilifunguliwa mwezi huohuo, tarehe 1, na kilichopigwa ni Rigoletto, ya Verdi huyohuyo. Aida ilikuja baadaye, ilipangwa ipigwe mapema 1871 ikachelewa kwa sababu nguo na mapambo ya jukwaa yalikuwa yanatengenezwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na Waprusi. Mizigo ikakwama. Ile 24 Desemba aliyoitaja mleta uzi ni sahihi.

Na jumba lenyewe liliungua Oktoba 1971, miaka mia moja na ushee baadaye. Lilikuwa la mbao.

Nipo Muscat

Ahsante, nimesahihishwa. Kwa hiyo mzigo kukwama bandarini si tatizo la leo.

FundiMabufa

Wakuu mimi ndiye fundi wa yale mabufa, kwa hiyo kama kuna lawama nileteeni.

Nilifika nikafunga kama harusi: besi juu, eko juu, tayari. Mama wa kwanza alipofungua kinywa nikaona watu wanashika masikio. Nikazima eko yote. Eko ya kwao wameshakuja nayo, ni ya jumba lenyewe, ukiongeza yako inakuwa kama watu wawili wanaongea ndani ya pipa. Nikashusha besi mpaka chini, nikapunguza ukali wa juu, ikakaa.

Kilichonitoa jasho ni kingine. Harusini muziki umebanwa: mwanzo na mwisho nguvu ni ileile, unaweka sauti unaenda kula pilau. Hawa wanashuka mpaka wananong'ona, feni ya projekta inawazidi. Unaongeza. Ghafla kwaya ya watu mia inalipuka, mabati yanatetemeka. Kwa muda wa saa tatu mkono wangu haukutoka kwenye mashine. Hata kahawa nililishwa.

Na mleta uzi aliponiambia kwamba pale jukwaani hawana maiki, nilimwambia anidanganye jingine. Kumbe kweli. Maiki zipo lakini ni za matangazo, kwa ajili yetu sisi wa mbali. Mtu aliyekaa ndani ya jumba anasikia koo kavu. Siri yake ni kwamba sauti iliyofunzwa inakusanya nguvu kwenye mawimbi ya karibu na 3,000 kwa sekunde, na pale orkestra nguvu yake imeshapungua, kwa hiyo sauti inapenya juu ya vinanda vyote. Nikamkumbuka muadhini wa zamani wa mtaa wetu kabla ya vipaza sauti. Alikuwa anasikika mpaka sokoni.

Bi Kitumbua

Nilikuwepo, na mimi ndiye niliyesema "Kanasa". Sijuti.

Ila naona uzi mzima mnamhurumia Aida. Mimi niko upande wa Amneris. Msinipige. Mtazameni vizuri: ni mwanamke anayejua hapendwi na bado amevaa vizuri akakaa mbele za watu. Ule mtego wake ni mipasho mitupu, tena ya daraja la juu, hakutukana hata neno moja. Anamwita mwenzake "dada", anamwambia pole, halafu anachoma. Hiyo sanaa tunaijua sisi, hatukufundishwa na Mtaliano. Na mwisho ni yeye aliyebaki hai kuyabeba. Kufa na mpenzi wako ni rahisi kuliko kubaki juu ya kaburi lao.

Yule mama wa elfu mbili ni jirani yangu. Nilimuuliza asubuhi, mbona umetunza shuka? Akanijibu, "Kwani yeye alikuwa hatoi jasho?"

Kibaraza cha Chumbageni

Bi Kitumbua umeniua hapo mwisho. Sawa, napunguza hasira.

Lakini swali langu la pili. Mtandao ulikata dakika nane, matangazo ya mtandaoni si unaweza kurudisha nyuma ukaanzia ulipoishia? Kwa nini hukurudisha? Na kama unaweza kurudisha, faida ya "moja kwa moja" ni ipi? Si upakue usiku wakati bando ni rahisi, uonyeshe kesho bila duara?

Mgosi Mdogo

Kijana wetu wa kompyuta alitaka kurudisha, mkono ulikuwa umeshafika. Akinamama wakamkemea: "Iache iende!" Nimelifikiria sana hilo. Kwa pesa, una haki. Kwa ubora wa kati ilikula kama gigi tano, kupakua kungekuwa nafuu na salama. Siku nyingine tulishaonyesha opera ya kurekodiwa, watu kumi na wanne, nusu wakaondoka mapumzikoni. Walijua inawangoja. Ya moja kwa moja haimngoji mtu, na yule anayeimba anaweza kukosea wakati wowote, nawe ukamwona. Mwimbaji wa Afrika Kusini, Pretty Yende, mara yake ya kwanza kuimba Metropolitan, jumba la opera la New York, Januari 2013, alijikwaa akaanguka alipokuwa anaingia jukwaani. Akainuka akaimba, na leo ni nyota. Ndiye aliyeimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles mwaka 2023. Kwenye kanda ya kurekodiwa pale pangekatwa.

Na hao Metropolitan ndio walioianzisha biashara hii kwa nguvu. Tarehe 30 Desemba 2006 walirusha opera ya Mozart kwenye majumba ya sinema, kwa setilaiti, na miaka michache baadaye walikuwa wanafika nchi zaidi ya 70. Redioni walianza zamani zaidi, Krismasi ya 1931. Huwa wanaimba Jumamosi mchana, saa saba kwao, ambayo kwetu ni saa mbili usiku au saa tatu kutegemea majira yao. Jumba lao lina viti karibu 3,800 na bado hawatoshwi. Ila zao zinauzwa kwa majumba ya sinema kwa mkataba, sisi wa kashata hatuwezi, ndiyo maana tukaenda kwa wanaotoa bure.

Mtoto wa Pangani

Swali la uchokozi kidogo. Huyo Aida ni Mwethiopia. Aliyeimba alikuwa mweusi au mzungu aliyepakwa masizi?

Mgosi Mdogo

Si uchokozi, hata ukumbini liliulizwa. Aliyeimba siku ile alikuwa mzungu, hakupakwa kitu. Zamani walikuwa wanapaka, na kwa miaka ya karibuni majumba mengi yameacha. Metropolitan waliacha kumpaka Otello, yule jemadari mweusi wa opera nyingine ya Verdi, mwaka 2015. Mpaka leo bado kuna kelele kila inapopakwa mahali.

Ila ukitaka Aida ya kukuliza, mtafute Leontyne Price, Mmarekani mweusi wa Mississippi. Aliaga opera kwa nafasi hiyohiyo tarehe 3 Januari 1985, na usiku ule ulirushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya Marekani. Alipomaliza ule wimbo wa kando ya Nile watu walipiga makofi dakika zaidi ya tatu. Yeye amesimama tu. Unaona kabisa uso unapigana usilie, kwa sababu bado ana kazi mbele. Nilimwonyesha jirani yake Bi Kitumbua kwenye simu. Akatafuta noti tena.

Mgosi Mdogo

Haya, shida yangu ya neno.

Tunataka mara ijayo tuweke maneno ya Kiswahili. Si kwenye picha, hatuwezi kuigusa. Ni kitambaa kirefu chembamba chini ya shuka na projekta ndogo ya pili. Nimesoma jinsi wanavyofanya kwenye majumba yenyewe, na haya mambo si ya kale, maneno ya juu ya jukwaa yalianza Toronto mwaka 1983. Hakuna kompyuta inayosikiliza na kutafsiri. Mistari inaandaliwa mapema, kwa sababu maneno ya opera hayabadiliki, halafu mtu anayeujua muziki anakaa na kubonyeza mstari unapofika. Akiwahi, watu wanacheka kabla ya kichekesho. Akichelewa, maiti anajibu.

Nimeanza kutafsiri. Nimekwama sehemu ya kwanza kabisa. Radames anateuliwa kuongoza jeshi kwenda kuwapiga Waethiopia. Amneris na umati mzima wanamwambia "Ritorna vincitor!" Na Aida, katika kelele zile, anajikuta anasema nao. Wote wanaondoka, anabaki peke yake, analirudia neno lile kwa kujishangaa: anayetakiwa kushindwa ni baba yake mzazi. Halafu anasema, maana yake hasa, "na mdomoni mwangu limetoka neno hilo ovu."

Nimeandika "Rudi mshindi". Halinikai.

Chumbageni Sekondari

"Rudi mshindi" ni kama unamwita mtu aliyeshashinda arudi nyumbani, chakula kinapoa. "Shinda urudi"?

Bi Kitumbua

"Shinda urudi" ni mgeni aliyekuja asubuhi unamwambia ashinde mpaka jioni ndipo arudi kwao. Jamani.

Nipo Muscat

"Nenda ukashinde"?

Mgosi Mdogo

Hilo linamtuma. Neno lao linamrudisha. Uchungu wote uko kwenye kurudi: akirudi mpenzi, ndugu zake wamekufa.

Kibaraza cha Chumbageni

Na "Ushindi ni wetu"? Umati utaupenda.

Bi Kitumbua

Umati utaupenda, Aida atausemaje? Wetu nani?

Mzee wa Kodiani

Wanangu, mnatafuta amri. Anayeagwa kwenda safari haamriwi, anaombewa. "Urudi na ushindi." Umati ukisema hivyo ni dua, na dua unaitikia bila kufikiri, kinywa kinatangulia. Ndivyo huyo binti alivyonaswa. Akibaki peke yake anakumbuka kwamba amemwombea adui wa baba yake, na dua ikishatoka hairudishwi.

Chumbageni Sekondari

Mzee, umetutangulia.

FundiMabufa

Nimejaribu kuliimba juu ya ule muziki hapa dukani. "U-ru-di-na-u-shi-ndi." Kwao silabi ni sita, kwetu saba, lakini "na u" zinamezana. Inaingia.

Mgosi Mdogo

Nimetoka kwa Bi Mkubwa sasa hivi. Nikamsomea yote, hata ya mgeni wa kushinda, akacheka mpaka akafuta macho. Amelipitisha la Mzee. Ule mstari wa pili akasema mdomo na neno ovu ni maneno ya hakimu, mtu aliyestuka hasemi hivyo. Akafumba macho, akasema: "Ulimi wangu! Ulimi wangu umenena nini?" Nimeandika hivyohivyo.

Bado sina mtu wa kubonyeza. Kijana wa kompyuta anajua kompyuta, muziki anapotea. Nani humu anasoma nota na yuko Tanga?

Mzee wa Kodiani

Nota sisomi. Lakini wimbo nikiusikia mara tatu nakuambia unapogeukia. Nimepigia waimbaji miaka arobaini, nilikuwa nawajua watavuta pumzi lini kabla wao wenyewe hawajajua.

Mgosi Mdogo

Mzee njoo Jumanne baada ya Asri, nitakuwa na kanda ya kusikiliza. Kitufe ni kimoja tu, kikubwa, nimekibandika karatasi nyekundu. Na shuka nimelipeleka kwa fundi cherehani, anauhamishia mshono pembeni.

Bi Kitumbua

Kashata za safari hii naleta mimi. Zile za juzi zilikuwa mawe.